Kidole cha Mungu Kwenye Mdomo wa Mbu

Mbu jike wa spishi ya Anopheles funestus ni mfupi kuliko punje ya mchele wa Ifakara. Ukimkuta ukutani asubuhi, kwa macho matupu ni kijistari cheusi kilichoinamisha kichwa na kuinua mkia, na mkono unakwenda wenyewe kumpiga. Mlaze chini ya lenzi ya makro, mmulike kwa taa ya pembeni, na huyo huyo anakuwa kitu kingine. Ukingo wa mbele wa bawa umepangwa magamba, meusi na ya rangi ya maziwa, yakipokezana kwa vipande. Jicho ni mamia ya vijicho vilivyobanana. Vipapasio viwili vya mdomo vina urefu karibu sawa na mrija wenyewe, alama inayomtenga Anopheles jike na mbu wengine wa majumbani. Miguu ni myeusi mitupu, tofauti na ya ndugu yake Anopheles gambiae yenye vidoadoa vyeupe. Mtu akionyeshwa picha hiyo bila kuambiwa ni ya nini, huenda akasema “Subhanallah” au “Mungu ni mkuu” kabla hajauliza jina la mdudu.

Kisha anaambiwa jina.

Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, ni mahali pagumu pa kutoa sifa hiyo kirahisi. Katika kijiji cha Namawala, magharibi ya Ifakara, utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu aliyekwisha kubeba vimelea vya malaria. Si mbu tu, mbu mwenye vimelea, karibu kila usiku wa Mungu. Wakulima wa mpunga wanaohamia mashambani msimu wa kilimo na kulala kwenye vibanda vya kuta zenye mianya wanajua hesabu hiyo inavyohisiwa mwilini. Kwa hiyo swali ambalo kwingine lingekuwa la kupitisha muda, hapa lina uzito wake: uzuri unaofunuliwa na lenzi unatuambia nini kuhusu aliyemfanya mbu, na unatudai nini sisi tunaotaka kumwua?

Ifakara ina haki ya kuuliza. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifungua hapo maabara ndogo ya utafiti, jirani na hospitali ya Mtakatifu Fransisko na mapadre Wakapuchini waliokuwa wenyeji wake. Maabara hiyo ilikua, ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwanzo, basi, hadubini na altare vilikuwa majirani mjini hapa. Geigy mwenyewe hakuanza na mbu. Kiumbe kilichomvuta zaidi kilikuwa papasi, kupe laini anayejificha kwenye vumbi la sakafu na nyufa za nyumba za udongo, akatoka usiku kunyonya damu na kuacha homa inayokwenda na kurudi. Homa ya papasi ilikuwa tishio la wasafiri kwenye njia za misafara tangu zamani. Robert Koch alikuja kuichunguza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905, akapasua papasi na kukuta vijidudu vya umbo la nyuzi zilizojisokota hata ndani ya mayai yao.

Koch anastahili nafasi hapa kwa sababu nyingine. Mwaka 1877, miaka mingi kabla hajakanyaga pwani yetu, alichapisha picha za kwanza za bakteria zilizopigwa kwa kamera kupitia hadubini. Kabla ya hapo wataalamu walichora walichokiona, na kila mmoja alichora kwa mkono na imani yake. Koch alitaka ushahidi ambao mkono wa mchoraji haujaugusa. Ni dai kubwa, na bado linasumbua kila anayepiga picha za viumbe wadogo: je, picha hiyo ni ushahidi, au ni kazi ya sanaa?

Chukua picha ya mbu tuliyoanza nayo. Kadiri lenzi inavyosogea karibu ndivyo eneo linaloonekana sawasawa linavyopungua, hadi linabaki jembamba kuliko unywele. Jicho likiwa safi, bawa ni ukungu. Bawa likiwa safi, miguu imepotea. Mpigapicha hupiga basi makumi au mamia ya picha, akiisogeza kamera hatua ndogo mno kila mara, kisha programu ya kompyuta inachukua kile kilicho safi katika kila moja na kukishona pamoja. Mwingereza Levon Biss, aliyeonyesha picha za wadudu kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2016, alitumia maelfu ya picha kwa mdudu mmoja, na baadhi ya machapisho yake yalizidi urefu wa mtu. Hakuna jicho la kiumbe yeyote lililopata kumwona mdudu namna ile, wote kwa mara moja, kila nywele wazi. Mdudu mwenyewe amekufa, amesafishwa vumbi kwa brashi na kukaushwa.

Waislamu wa karne iliyopita walibishana sana kuhusu kamera, kwa kuwa hadithi za Mtume zinaonya juu ya wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho. Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika kitabu kutetea upigaji picha, na hoja yake ilikuwa kwamba kamera haiumbi kitu, inakizuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Ni hoja safi kwa picha ya pasipoti. Kwa picha iliyoshonwa kutoka vivuli mia tatu vya nyakati tofauti, inaanza kuyumba. Mwandishi huyu haoni haramu yoyote hapo, lakini anaona sababu ya kuwa mwangalifu. Uzuri unaotushangaza kwenye picha umetoka kwa mbu, na kiasi fulani umetoka kwa mtu aliyeweka taa kushoto badala ya kulia.

Hata hivyo, kustaajabia wadudu kulianza zamani kabla ya vioo. Augustino wa Hippo, askofu Mwafrika wa karne ya nne na ya tano, aliwauliza waumini wake akifafanua Zaburi ni nani aliyepanga viungo vya kiroboto na mbu, vikawa na mpangilio wao, uhai wao na mwendo wao. Hippo ndiyo Annaba ya leo, nchini Algeria. Na ni Algeria hiyo hiyo, katika mji wa Constantine, ambako daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran aliona kwenye hadubini, mwezi Novemba 1880, vimelea hai vya malaria vikipunga mikia katika damu ya askari mgonjwa. Askofu alimtazama mbu kwa macho matupu akamwona Muumba. Daktari aliangalia ndani ya damu akaona muuaji. Karibu miaka elfu moja na mia tano inawatenganisha, na hakuna aliyekosea katika alichokiona.

Qur'ani nayo inamtaja mbu kwa jina. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 26, inaelezwa kwamba Mungu haoni aibu kupiga mfano kwa kiumbe mdogo kama huyo: waumini watajua kuwa ni haki, na wanaokanusha watauliza mfano huo una maana gani. Madrasani watoto husimuliwa pia kisa cha Namrudi, mfalme aliyejikweza hadi mbu akamwingia puani na kumsumbua mpaka akafa. Ukiviweka pamoja, aya na kisa, unaona mbu akibeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni dalili ya hekima, na ni fimbo.

Fimbo hiyo iko pia katika Biblia, na mahali ilipo panashangaza. Jan Swammerdam, Mholanzi aliyepasua wadudu chini ya lenzi katika karne ya kumi na saba kwa ustadi ambao wengi walishindwa kuufikia kwa miaka mia, alimwandikia rafiki yake mwaka 1678 akimkabidhi maelezo ya viungo vya chawa. Alimwambia kwamba anamletea kidole cha Mungu mwenyezi kilichodhihirika katika chawa huyo. Wapenzi wa sayansi na dini wamekuwa wakiirudia kauli hiyo kama wimbo wa shukrani. Lakini Swammerdam alikuwa mtu wa Biblia, na anayeifungua Biblia ya Kiswahili kwenye Kutoka sura ya nane atakuta chawa na kidole hicho hicho. Ni pigo la tatu la Misri. Mavumbi ya nchi yamegeuka chawa juu ya watu na wanyama, waganga wa Farao wamejaribu kufanya vivyo hivyo wameshindwa, na ndipo wanapokiri kuwa hapa pana kidole cha Mungu.

Waganga walikitambua kidole hicho kwa kujikuna. Swammerdam alikitambua kwa kuchungulia. Mhubiri anayeonyesha picha ya bawa la mbu na kusema “tazameni kazi ya Muumba” ana uhuru wa kusema hivyo, ila anapaswa kutimiza sentensi yake, kwa kuwa kidole kilichopanga magamba ya bawa ndicho hicho kilichochonga mdomo.

Na mdomo wa mbu, ukitazamwa kwa karibu, unamaliza ubishi wote kuhusu kama mashine hii imetengenezwa vizuri. Tunachokiita mrija ni ala tu, kifuko kinachokunjika nyuma mbu anapouma. Ndani yake mna sindano sita. Mbili zina meno ya kukatia ngozi, mbili zinatanua njia, moja inapitisha mate yanayozuia damu kuganda, na moja inafyonza. Sindano ya kufyonza inapinda chini ya ngozi ikitafuta mshipa. Kwa njia ya ile sindano ya mate, na si nyingine, vimelea vya malaria huingia mwilini. Hakuna sehemu ya mbu inayostahili kupigwa picha kuliko hiyo, na hakuna sehemu iliyowapeleka watoto wengi zaidi makaburini. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani malaria iliua watu zaidi ya 600,000 mwaka 2022, wengi wao watoto wa Afrika ambao hawajatimiza miaka mitano.

Charles Darwin alikwama mahali kama hapa. Katika barua ya mwaka 1860 kwa mtaalamu wa mimea wa Marekani Asa Gray alikiri kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema angekusudia kuumba nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai. Hakusema hayupo Mungu. Alisema ushahidi wa wema hauonekani pale ambapo watu wa zama zake walizoea kuuonyesha. Aliyezaliwa Namawala hakuhitaji nyigu wala barua kufika hapo.

Kitabu cha Ayubu kinajaribu jibu lingine. Mungu anapomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hamwelezi sababu za mateso yake. Anamwonyesha wanyama, na anamalizia na wawili wakubwa ambao wafasiri wengi wamewaona kuwa kiboko na mamba. Wavuvi wa mto Kilombero wangekubali mara moja kwamba mifano hiyo imechaguliwa vyema. Lakini inachekesha kidogo kufikiri hotuba hiyo ingekuwaje kama pangekuwa na hadubini. Kiboko humtisha mtu kwa sababu anamwona. Mnyama aliyewamaliza watu wengi zaidi wa bondeni hapa kuliko viboko na mamba wote kwa pamoja angetosha kwenye ncha ya kidole cha Ayubu, na angekuwa jibu gumu zaidi.

Mpaka hapa ni wazi kwamba picha haiwezi kuamua kesi ya Muumba, si kwa upande wa mashtaka wala wa utetezi. Kwa aliyekuja na imani, lenzi inaikuza. Kwa aliyekuja na shaka, inaikuza vilevile. Kama ndivyo, kuna faida gani kutazama? Ifakara ina jibu lake, ambalo halikutoka kwenye mimbari. Limetoka kwenye meza ya kuchambulia mbu.

Asubuhi mitego inapoletwa kutoka vijijini, mbu hugandishwa kwanza, kisha humwagwa kwenye sahani na kutenganishwa mmoja mmoja kwa kibano chini ya hadubini. Kuna spishi zaidi ya 3,500 za mbu duniani. Zilizo za jenasi ya Anopheles ni mia nne na ushei, na zinazoambukiza malaria kwa kiwango cha kutisha ni makumi machache tu. Madume hawaumi kabisa, chakula chao ni maji matamu ya maua na mimea. Kwa hiyo kwenye sahani moja mna wengi wasio na hatia na wachache wenye hatia, na mtu aliyefunzwa anawatenga kwa madoa ya bawa, rangi ya miguu na urefu wa vipapasio. Kule tunakoona “mbu”, yeye anaona orodha.

Halafu hata yeye anafika mahali macho yake yanakoma. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiki kwa hadubini yoyote; wamefanana gamba kwa gamba. Funestus naye ana ndugu wanaofanana naye, mmoja wao rivulorum, ambaye hupendelea damu ya ng'ombe kuliko ya watu. Ili kuwatofautisha ni lazima kumkata mbu mguu au bawa na kupima vinasaba vyake. Unaweza kumpiga picha bora kuliko zote zilizowahi kupigwa, ikashinda tuzo, na bado usijue umempiga picha nani. Hili ni jambo la kuwakumbusha wanaosema kwamba kuona ndiyo kujua.

Lakini kutenganisha huko ndiko kulikobadili mambo. Mwaka 2017 watafiti wa Ifakara walichapisha matokeo kutoka vijiji vya bondeni yaliyoonyesha kwamba funestus, ingawa alikuwa mchache kuliko arabiensis, ndiye aliyehusika na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Miaka yote watu walipambana na umati, na ndani ya umati alikuwepo mmoja aliyefanya kazi kubwa ya kuua. Funestus hutaga kwenye maji ya kudumu, yenye majani pembezoni, wakati arabiensis huridhika na madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga. Ukijua ni nani, unajua pa kwenda kutafuta viluwiluwi wake na maji gani ya kuacha yalivyo.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, deni la kimaadili analotuwekea mbu wa kwenye picha ndilo hilo: kumtofautisha na wenzake. Wengine husema kumtazama kiumbe kwa karibu kunazaa huruma. Huenda kwa chura au kipepeo. Kwa mbu wa malaria, huruma ni anasa ya mtu anayeishi mbali na mto. Kinachozaliwa na kutazama ni kitu kikavu zaidi na chenye manufaa zaidi: kutochukia kwa jumla jamala. Anayemwaga sumu juu ya kila kinachoruka hajawahi kumtazama hata mmoja.

Na kuna kutazama kunakopita hata sura. Mbu anayeweza kuambukiza ni yule aliyeishi muda wa kutosha, kwa sababu vimelea vinahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne kukomaa ndani yake, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Umri, basi, ndio siri, na hauandikwi usoni. Tatiana Detinova, mtaalamu wa Kisovieti, alionyesha namna ya kuusoma. Unamlaza mbu jike kwenye tone la maji, unamshika kifua kwa sindano moja na kuvuta ncha ya tumbo kwa nyingine taratibu, hadi mifuko ya mayai itoke. Unaikausha, unaiweka chini ya hadubini. Mirija midogo ya hewa iliyoizunguka, ikiwa bado imejiviringisha kwenye ncha, huyu hajawahi kutaga. Ikiwa imenyooka, mayai yamekwisha kupita hapo na kuivuta. Ni mama, ameishi, na ameuma walau mara moja. Mafundi wa Ifakara wamefanya upasuaji huo kwa miaka mingi, mbu baada ya mbu. Wasifu mzima wa kiumbe unakaa kwenye kitu ambacho pumzi ya msomaji ingekipeperusha.

Isisahaulike kwamba elimu hiyo ina gharama, na gharama hiyo hailipwi na mbu peke yake. Kwa miongo mingi njia ya kuaminika zaidi ya kuwahesabu mbu wanaouma watu imekuwa mtu mwenyewe. Anayejitolea anakaa usiku kwenye kiti, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja na kifyonzeo mkono wa pili, akiwadaka mbu wanaotua kwenye miguu yake kabla hawajauma. Hupewa dawa za kinga, lakini chambo ni mwili wake. Ifakara imejaribu kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa watu. Hema la mtego lililobuniwa hapo, ambamo mtu hulala salama huku mbu wakinasa pembeni, lilielezwa kwenye majarida ya kisayansi mwaka 2009. Na kwenye nyumba za kufugia mbu, wafanyakazi huingiza mkono kwenye kizimba ili mbu wasio na vimelea wapate mlo wa damu. Mtu anayewalisha kwa damu yake viumbe anaosomea namna ya kuwaangamiza amekwisha kuingia katika uhusiano ambao wanafalsafa hawajaupatia jina.

Wanakijiji nao waliingizwa kwenye kutazama. Watafiti walipotaka kujua mbu dume hukusanyikia wapi jioni kucheza angani wakingoja majike, walifundisha watu wa vijiji vya Kilombero na Ulanga kuyatafuta makundi hayo. Jua linapozama, kwa dakika chache tu, madume wa arabiensis na funestus hujaa juu ya sehemu za ardhi tupu au kando ya majaruba, kila mmoja akisikiliza kwa vipapasio vyake vya manyoya mlio wa mabawa ya jike. Watu waliozaliwa hapo na kupita kwenye viwanja hivyo kila siku walianza kuyaona. Kisha yakafuata majaribio ya kuyapulizia dawa makundi hayo hayo.

Hapana budi kukiri kwamba hapo pana ukatili fulani, kujifunza uchumba wa kiumbe ili kuuvunja. Lakini ni ukatili wenye shabaha. Ukilinganisha na kunyunyizia sumu ya DDT nchi nzima, ni adabu.

Mjadala wa sasa umesogea ndani zaidi ya macho. Mwaka 2022 watafiti wa Imperial College London walichapisha kazi juu ya Anopheles gambiae waliyemwekea jeni za kutengeneza protini ndogo mbili, moja asili yake nyuki wa asali, nyingine chura wa Afrika mwenye kucha. Mbu huyo anapokunywa damu, tumbo lake hutoa protini hizo, vimelea vya malaria vinachelewa kukua, naye mwenyewe anaishi muda mfupi zaidi. Anakufa kabla vimelea havijakomaa. Ni hesabu ile ile ya Detinova, safari hii imeandikwa ndani ya mbu. Kwa ushirikiano na Imperial, Taasisi ya Afya Ifakara imetengeneza mbu wa namna hiyo hapa nchini pia, kwenye maabara yake ya Bagamoyo, chini ya ulinzi. Wazo la mbeleni ni kuiunganisha jeni hiyo na utaratibu wa kuisambaza kizazi hadi kizazi katika mbu wa porini.

Kwa waliokuwa wakiogopa kufuta kiumbe wa Mungu duniani, hii ingeonekana nafuu. Mbu anabaki, anayeondoka ni kimelea. Lakini kimelea naye ni kiumbe. Paka damu ya mgonjwa kwenye slaidi, itie rangi ya Giemsa, itazame kwa mafuta kwenye lenzi kubwa ya hadubini: pete nyembamba ya samawati ndani ya chembe nyekundu, na kwenye pete kito chekundu cha zambarau. Yeyote aliyefundishwa maabara anaijua, na wengi watakiri, wakibanwa, kwamba ni nzuri. Hakuna mhubiri anayeionyesha kanisani, wala aliyemwombea Plasmodium, kimelea huyo, abaki. Swali la Augustino limeshuka ngazi moja, na hatujui litashuka ngapi.

Wanaotengeneza mbu wa namna hii kwa kawaida huwawekea pia jeni ya protini inayong'aa, ili aliyebadilishwa atambulike kwa hadubini yenye mwanga maalumu, maana kwa taa ya kawaida amefanana na wenzake kabisa. Mng'ao huo haukutoka kwa Muumba wa Swammerdam. Umewekwa na mtu mwenye mshahara na mkataba. Ndiyo maana watafiti wa Ifakara wamekuwa wakikaa na watu wa bondeni kuwauliza wanaonaje kuhusu mbu waliobadilishwa, na ndiyo maana mapadre, mashekhe na wazee wa vijiji watakapoitwa kwenye kikao hawataombwa waseme ni nani aliyemuumba mbu. Wataulizwa kama wanaridhia aachiwe, nani awajibike akivuka mto na kuingia wilaya nyingine ambayo haikuulizwa, na kama jibu la kijiji kimoja linaweza kukifunga kijiji kingine.